Kumi ya Mama

Kiherehere alipanda mbio mpaka ghorofa ya tatu, mkoba ukimpiga mbavuni, akafika mlangoni hana pumzi lakini mdomo umeshaanza kazi.

"Mama! Hutaamini! Namba zangu zimetoka kichwa chini miguu juu!"

Mama yake, dobi wa nguo za hospitali, alikuwa amekaa kwenye stuli anapiga pasi koti jeupe la daktari. Hakugeuka hata kidogo. Hilo jina la Kiherehere alimpa yeye mwenyewe, siku mtoto wa miaka minne alipotoka bafuni kama alivyozaliwa kwenda kuwatangazia majirani kwamba sabuni imeisha. Tangu siku ile jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti.

"Vua viatu," mama akasema. "Halafu shusha pumzi. Halafu ndiyo useme."

Kiherehere akavua kiatu kimoja, na kabla hajafika cha pili akaanza kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tangu amalize chuo, alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya utafiti, na utafiti wa safari hii ulikuwa mkubwa: kulinganisha maisha ya watu wa nchi hii na maisha ya watu wa nchi ya pili, hiyo ya ng'ambo ya mpaka. Ni mwendo wa nusu siku tu. Lugha moja, sura zile zile, hata matusi yale yale. Kila mhoji alipewa mtaa mmoja huku na mtaa mmoja kule. Huku Kiherehere akachukua mtaa wao wenyewe, maana kila mlango anaujua. Kule akaomba mtaa anaokaa mjomba wake, kaka yake mama, fundi wa vioo vya magari. Akaona amecheza kama yeye: kazi atafanya, mjomba atamwona, na chakula cha bure juu.

Sasa huyo mjomba ndiye aliyelianzisha jambo. Nyumba yake ni ya chini, haina kupanda wala kushuka, ina chumba kitupu na bomba uani linalotoa maji tangu asubuhi mpaka jioni. Miezi miwili iliyopita alimpigia dada yake simu akamwambia: njoo ukae na mimi, nguo utafua huku, hospitali za kukupa makoti ziko tele. Ila nijibu kabla haijapita Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, kuna mpangaji anakizungukia hicho chumba kama nzi.

Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Mwanangu anapima nchi zote mbili. Nitakujibu kwa namba zake."

Weee! Kiherehere aliposikia hivyo alivimba kichwa siku mbili nzima. Akamwambia kila mtu kazini kwamba utafiti wao una faida, hata mama yake anausubiri. Siku ya tatu ndiyo akaanza kuogopa. Maana namba zikisema kule ni kuzuri, mama ataenda, na yeye atabaki. Kazi yake iko huku, na mkataba wake uko huku. Alitaka mama abaki. Hakumwambia mtu. Hata kujiambia mwenyewe aliona aibu, kwa sababu jambo la kwanza walilofundishwa chuoni ni kwamba mhoji hatakiwi kutaka kitu.

Na leo ilikuwa Ijumaa. Kesho Jumamosi.

"Haya," mama akasema, akaisimamisha pasi. "Sasa sema."

"Mtaa wa mjomba wote wamesema nne. Nne, tatu, nne, nne! Mtaa wetu wamesema nane, tisa, nane. Mama, mtaa wetu!"

Mama akatazama dirishani, chini kwenye ule mtaa wao. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka tangu juzi na mtu ameliwekea tofali juu, kama vile tofali ni dawa.

"Nane ya nini?" akauliza.

Nane ya ngazi. Karatasi ya maswali ilikuwa ndefu. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kutoka kwako mpaka hospitali ni mwendo gani, unamjua jina jirani wa mlango wa pili. Swali la mwisho lilikuwa picha. Kiherehere ndiye aliyeichora, na aliipaka rangi kwa penseli: ngazi yenye vipandio kumi. "Tuseme juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote kwako wewe," mhoji anasoma, "na chini kabisa ni maisha mabaya kuliko yote. Je, leo umesimama kipandio cha ngapi?" Basi. Mtu anataja namba, unaandika, unashukuru, unaondoka.

Huko kwa mjomba Kiherehere alikuta mtaa umenyooka, umetandikwa mawe madogo madogo, hata mvua ikinyesha unatembea na kiatu cheupe. Asubuhi ya kwanza alifungua bomba la uani bila kiu wala ndoo, kutazama tu. Hospitalini ukiingia unapewa kiti. Lakini ukiwauliza wenyewe, ni malalamiko tu. Maji yana harufu ya dawa. Mawe ya barabarani yanakula soli. Kiti cha hospitali ni kigumu. Akarudi nyumbani, ambako maji yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, akakuta watu wanajisifu. "Mimi nina mapipa matatu," Mama Pacha wa ghorofa ya pili alimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye magari matatu.

Alichanganyikiwa, lakini aliandika. Halafu leo asubuhi bosi wake akamwita. Bosi ni mwanamke mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazamia, na alikuwa ameshavaa ya kukutazamia.

"Mitaa mingine yote imeenda pamoja," bosi alisema. "Kule juu kidogo, huku chini kidogo. Ya kwako peke yake inatembea kinyumenyume. Uligeuza karatasi?"

"Sikugeuza, bosi."

"Basi kuna kitu. Nenda kakitafute sasa hivi. Jumatatu nikipate mezani."

Yote hayo Kiherehere aliyamwaga hapo mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Lakini kuna kimoja hakukisema. Katika zile karatasi za mtaa wao, kulikuwa na kumi moja tu. Ile kumi ilikuwa ya mama yake. Wiki tatu alitembea nayo mkobani. Kila alipoogopa aliitoa akaiangalia: mama yuko kipandio cha kumi, hapa hapa, kwenye hiki chumba. Nani aliyeko kumi akahama?

"Mpigie mjomba wako," mama akasema. "Waliosema nne si ni majirani zake? Awaulize."

Simu ikawekwa juu ya meza ya kupigia pasi, sauti yote nje.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mama takwimu! Dada yangu yupo? Kanijibu nini?"

"Kesho ndiyo Jumamosi," mama akasema kwa mbali. "Leo msikilize mtoto."

Kiherehere akaeleza. Mjomba akacheka, akasema bahati yako Fundi Rangi yuko hapa hapa, kaja kuazima koleo. Fundi Rangi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhojiwa siku ile, pale karakana ya mjomba, majirani wote wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu.

"Mwanangu, hujambo!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio chini. "Umeolewa?"

"Bado, fundi. Nilitaka kukuuliza. Ulisema uko kipandio cha nne. Kwa nini nne? Una nyumba, una kazi, maji yapo..."

"Sasa ulitaka nisimame wapi?"

"Mimi sitaki kitu, fundi. Nauliza tu."

"Nne ndipo mtu anaposimama. Ukiwa nne ngazi haichezi, mkono unafika juu, ndoo ya rangi unaitundika kwenye cha sita. Kumi anasimama nani? Nilikuwa na mwenzangu, mkaidi kama nini, akapanda mpaka kumi. Mpaka leo anatembelea fimbo."

Kiherehere akamtazama mama. Mama alikuwa ameuma mdomo.

"Lakini fundi, ile ni ngazi ya maisha!"

"Ngazi ni ngazi. Halafu nikwambie kitu, usinichukie. Ile ya kwako haikuegemea popote. Haina ukuta, haina mtu wa kuishika. Nilitaka kukwambia siku ile, nikaona umeipaka rangi vizuri, nikanyamaza."

"Na wale wengine? Mbona wote nne?"

"Niliwakataza wasipite hapo! Yule mama mshonaji alitaka kwenda saba, nikamwambia wee, na hicho kizunguzungu chako? Akashuka tatu."

Mama akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Fundi," Kiherehere akasema taratibu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu yenye maji. "Sasa maisha yako ni mazuri au mabaya?"

"Mazuri! Ndiyo maana sitaki kuanguka."

Simu ilipokatika Kiherehere akavua kile kiatu cha pili, akakaa juu ya furushi la mashuka. Nne za kule si nne. Ni nini basi? Saba? Tisa? Angeandika nini? Lakini nane za huku, nane za huku zipo, akajiambia. Huku hakuna Fundi Rangi. Huku watu wamesema ya moyoni. Na kumi ipo.

"Naenda chini mara moja," akasema. "Kuhakikisha tu."

"Viatu," mama akasema, lakini mtoto ameshafika ngazi za ghorofa ya pili, pekupeku.

Chini kabisa, karibu na mlango wa kuingilia, kulikuwa na kibanda cha Fundi Saa. Alikuwa na kioo chake jichoni na saa ya mkononi imefunguliwa tumbo mbele yake. Alipoona miguu pekupeku alijua ni nani.

"Enhe!" akasema. "Umefaulu?"

"Nimefaulu nini, babu?"

"Mtihani wako. Mimi nilikupa tisa. Ningekupa kumi, ila uliniahidi saa nne ukaja saa tano kasorobo."

Kiherehere akainama mpaka usawa wa kioo chake.

"Ulinipa... mimi?"

"Sasa nimpe nani? Mama Pacha alikupa nane, akasema uliwaamsha wanawe. Tukasema na yeye naye, mtoto wa watu anatafuta maisha, si angempa hata tisa."

"Babu, haukuwa mtihani! Nilikuwa nauliza maisha yako!"

Fundi Saa akakitoa kile kioo jichoni, akamtazama kwa macho yote mawili.

"Si ni wewe mwenyewe? Mwaka ule wa chuo, ulipita na karatasi kama hizi hizi. Ukatuambia nisaidieni jamani, nitapewa alama. Tukakusaidia, ukafaulu, ukatuletea biskuti. Safari hii ukaja na karatasi, juu kabisa jina lako, chini namba moja mpaka kumi. Mtu ataelewaje?"

Na kweli. Kiherehere aliiona karatasi akilini: *Jina la mhoji*, na jina lake la kwenye cheti kwa herufi kubwa. Alikumbuka pia alivyosoma lile swali la ngazi. Alilisoma mbio, kwa sababu lilikuwa la mwisho na alikuwa na hamu ya mlango unaofuata.

"Basi niambie sasa, babu. Maisha yako yako wapi?"

Mzee akafikiri sana. Saa zote za ukutani zikawa zinamgongea.

"Labda tatu," akasema. "Au saba. Umenikuta saa mbaya. Njoo asubuhi nikishakunywa chai."

Kiherehere alipanda kurudi, safari hii pole pole. Ghorofa ya pili Mama Pacha alitoa kichwa mlangoni, mtoto mmoja kiunoni, mwingine kamng'ang'ania gauni.

"Mwenzetu! Umefaulu?"

"Nimefaulu," Kiherehere akasema, akaendelea kupanda.

Mama alikuwa ameshatundika koti la kwanza na kutandaza la pili. Mvuke ukapanda kati yao.

"Mama. Ile kumi yako. Ulinipa mimi?"

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Mtoto wangu mwenyewe nimpe tisa?"

Kiherehere akakaa tena juu ya lile furushi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na vyote viwili vikakwama mahali pamoja, vikamletea kwikwi.

"Basi nakuuliza upya," akasema katikati ya kwikwi. "Hakuna mtihani. Hakuna ngazi. Unaishi vizuri hapa?"

"Weka hiyo kalamu chini."

Hata hakujua kwamba ameishika. Akaiweka.

"Sijui," mama akasema. "Asubuhi nikifungua dirisha nikamsikia Fundi Saa anagombana na saa zake, nasema hapa ni kwangu. Ikifika siku ya maji nasema Mungu nitoe hapa hata leo. Halafu jioni naona makoti yametundikwa yote meupe, nasahau."

"Kwa hiyo unataka kwenda kwa mjomba."

"Sijasema hivyo."

"Unataka kubaki."

"Sijasema hivyo pia! Wewe mbona unanivuta kama shuka?" Mama akaisimamisha pasi kwa nguvu. "Nilitaka namba zako ndizo ziseme. Zikisema nenda, nimekwenda kwa sababu ya utafiti. Nikisema mwenyewe, mimi ni mama gani? Namwacha mwanangu wa pekee kwa ajili ya bomba?"

Kiherehere alisikia kwikwi yake mwenyewe.

"Na mimi," akasema, "nilitaka ziseme ubaki."

Wakatazamana. Hakuna aliyejua nani amshike mkono mwenzake.

"Sasa tunafanyaje?" mama akauliza.

"Sijui."

"Si wewe uliyesoma?"

"Hilo hatukufundishwa."

Ndipo sauti ikapigwa kutoka chini, ya Mama Pacha, ikapanda jengo zima: "Majiii! Maji yametoka!"

Milango ikafunguka kila upande, ndoo zikagongana. Mama alishaanza kunyanyuka kabla sauti haijaisha. Na Kiherehere, ambaye siku zote Ijumaa saa hizi huwa yuko kazini, akamwona akinyanyuka. Kwanza kiganja kwenye meza. Halafu pumzi. Halafu goti la kushoto likipewa nafasi lifikirie, halafu la kulia. Halafu sura ikapangwa, ikawa sura ya kila siku.

"Kaa," Kiherehere akasema.

"Hutaweza. Ndoo ni nyingi."

"Kaa, mama."

Akabeba ndoo mbili, akashuka. Foleni ilikuwa ndefu na kila mtu anamuuliza kama amefaulu. Safari ya kwanza alipanda anaongea. Ya pili alipanda anahema. Ya nne alisimama ghorofa ya pili, ndoo zimemkata vidole, maji yamemlowesha mpaka tumboni, akawa anaangalia vile vipandio vya saruji vilivyobaki juu yake, akavihesabu bila kutaka. Ya saba ndiyo pipa likajaa. Ndoo kumi na nne. Jumanne kumi na nne nyingine. Yeye ana miaka ishirini na nne na miguu inamtetemeka kama ya ndama.

Alipoingia na ndoo ya mwisho hakusema kitu, na hilo peke yake lilimfanya mama aache kupiga pasi. Kiherehere akafuta mikono kwenye sketi, akachukua simu pale mezani.

"Unampigia nani?"

Simu ilikuwa inaita.

"Mjomba, shikamoo tena. Hicho chumba usimpe mpangaji."

"Kanijibu?" mjomba akapiga kelele. "Dada kanijibu?"

"Nimejibu mimi."

"Wee mtoto!" mama akasema. "Nani kakutuma?"

Kiherehere akaifunika simu kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyesema uende. Wewe hujasema kitu. Watu wakiuliza, mimi ndiye niliyekufukuza."

Mama akalishika koti la daktari akaanza kulikunja, na koti la daktari halikunjwi, linatundikwa. Akalikunjua.

"Kwa hiyo namba zimesema huku ndiko kuzuri!" sauti ya mjomba ikatoka kwenye kiganja. "Nilijua! Niliwaambia!"

"Sijui, mjomba," Kiherehere akasema, na macho yakaanza kumwasha. "Kwa kweli sijui kabisa. Nitarudia mtaa wote. Mitaa yote miwili."

Na hilo ndilo atakalomwambia bosi Jumatatu, na bosi atabadilisha miwani. Sijui wapi ni kuzuri. Sijui hata kama nimefanya vizuri sasa hivi.

Nyuma yake mama akakohoa kidogo.

"Muulize," mama akasema, uso umeelekea dirishani. "Muulize hilo bomba lake liko upande gani wa jua. Mashuka siwezi kuyafulia kivulini."

"Mjomba, mama anauliza bomba liko upande gani wa jua."

"Upande wa jua? Sijawahi kuangalia. Subirini."

Wakamsikia anaweka simu chini, viatu vyake vinakwenda, mlango unalia. Halafu, kwa mbali, maji. Alikuwa amelifungua bomba ili wasikie. Maji ya kule yakawa yanaanguka ndani ya simu, na ya huku bado yanadondoka kutoka kwenye sketi ya Kiherehere, tone tone, sakafuni, na mama na mtoto wameinama juu ya ile meza, kila mmoja ametega sikio, wakisubiri mjomba arudi kuwaambia jua liko wapi.